Nasomea CCNA, na madesa ya mtihani yako kwenye simu yangu

Barua ya wiki hii imetoka Mwanza. Jina la mwandishi na mambo yanayoweza kumtambulisha tumeyaondoa.

Shikamoo Mama,

Nina miaka 28, nimeolewa na nina mtoto wa miaka minne. Tunaishi Buhongwa, vyumba viwili vya kupanga, pamoja na mama mkwe. Nilisoma diploma ya TEHAMA, na tangu nimalize nimeajiriwa na kampuni moja ya intaneti hapa mjini, kitengo cha huduma kwa wateja. Kazi yangu ni kupokea simu. Intaneti imekatika, intaneti iko taratibu, nimesahau nywila ya Wi-Fi. Namwambia mteja azime ruta, asubiri kidogo, aiwashe. Ikishindikana nafungua tiketi naipeleka kwa vijana wa NOC, kile chumba wanachoangalia mtandao mzima. Wao ndio wenye ruhusa ya kuingia kwenye ruta na swichi, vifaa vinavyopitisha na kugawa mtandao.

Nataka kuhamia chumba hicho. Ndiyo maana nasomea CCNA, cheti cha kuanzia cha mitandao cha Cisco, kampuni inayotengeneza vifaa hivyo. Naamka saa kumi alfajiri kabla mtoto hajaamka, nafungua laptop ya mtumba, nawasha Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, naunganisha swichi na ruta za kwenye skrini mpaka muda wa kuchemsha chai unapofika. Sabneti, yaani vipande vidogo vinavyogawanywa kutoka mtandao mmoja, nazipigia hesabu kichwani ndani ya daladala. Natazama namba ya gari lililo mbele yetu. Likiwa T 187, nauliza: 187 kwenye /26, yaani vipande vya anwani 64 kila kimoja, inaangukia wapi? Kwenye mtandao unaoanzia 128, na anwani yake ya mwisho ni 191. Gari likizidi 255 naliacha lipite, maana namba za anwani zinaishia hapo.

Kwenye mitihani ya majaribio napata kati ya sitini na sabini kwa mia. VLAN (kugawa swichi moja kuwa mitandao kadhaa), ruti (njia za data) na OSPF (jinsi ruta zinavyopeana habari za njia) nazimudu. Wi-Fi za maofisini na yale mambo ya kuendesha mtandao kwa programu, JSON na API, yaani namna programu zinavyoandika data na kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, yananiangusha. Na maswali marefu ya Kiingereza yananila muda.

Mama, mtihani ni dola 300 kabla ya kodi. Kwa hela yetu ni laki saba na ushee, dola ikipanda inagonga laki nane. Hela hiyo ninayo, ni mgao wangu wa kikoba. Ila mdogo wangu wa mwisho yuko chuo Dodoma na ada ya muhula wa pili haijakamilika, na mama yetu ananiuliza kila Jumapili nimefikia wapi. Nikilipia mtihani nikafeli, nitamtazama vipi?

Haraka inatokana na hili. Mkuu wa kitengo cha ufundi alisema kwenye kikao kwamba NOC wataongezwa watu wawili kabla mwaka wa fedha haujaisha mwezi wa sita, na kwamba mwenye CCNA atakuwa mbele.

Kuna kaka mmoja tulianza naye kazi kwenye meza ya kupokea simu, yeye alifaulu mwaka jana kwa madesa. Ni faili la PDF lenye maswali yaliyochotwa kwenye mtihani wenyewe, na majibu yake chini. Alikariri, akakaa, akapita, akahamishiwa NOC. Usiku mmoja nikiwa zamu, simu zikaanza kumiminika kutoka tawi la mteja wetu mkubwa. Hakuna kinachopita, hata barua pepe. NOC alikuwepo kaka huyo peke yake. Akanipigia kwa simu yake binafsi, sauti ya chini: "Dada, njoo huku mara moja." Nikapanda.

Jioni ile alikuwa ameagizwa azuie Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali, kwenye ruta ya tawi lile, akaandika ACL, orodha ya kinachoruhusiwa na kinachozuiwa kupita, yenye mstari mmoja tu: zuia TCP inayokwenda poti namba 23, ndiyo ya Telnet. Alipopiga amri ya show access-lists aliuona mstari huo mmoja, akawa anasema, "Hii haiwezi kuwa tatizo, inazuia Telnet tu, labda ni redio ya mnara." Mimi nilijua kwamba mwisho wa kila ACL kuna mstari usioonekana unaozuia chochote ambacho hakikuruhusiwa juu yake. Nikamwambia aongeze permit ip any any, yaani ruhusu vyote vilivyobaki, chini ya ule wake. Akaongeza, na simu zikakoma. Ripoti ya asubuhi ilikuwa na jina lake peke yake. Mimi sikusema neno.

Baadaye alinitumia lile faili WhatsApp. "Dada, ulinisitiri, na mimi nakusitiri." Sijalifungua, lakini sijalifuta.

Mume wangu si mtu mbaya. Ana kibanda cha vipuri vya pikipiki na anajua uchungu wa hela. Aliniambia, "Hela hii hatuna mara ya pili. Kama faili lipo na wenzako wamepitia humo, unajitesa kwa ajili ya nani?" Tukabishana, akasema neno lililonichoma: "Wewe unaogopa mtihani, unajificha nyuma ya uaminifu." Tangu siku hiyo nikikaa kusoma najiuliza kama anasema kweli.

Mama, nifanyeje? Nitumie faili nipite, halafu nijifunze vizuri nikishaingia NOC? Nimlipie mdogo wangu ada na kuiacha nafasi iende? Au nilipe, nikakae na nilichonacho, nikijua naweza kukosa vyote? Na huyu kaka, niendelee kumsitiri?

Mfanyakazi wa zamu ya usiku, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimefundisha mitandao chuoni kwa miaka mingi kabla ya kushika safu hii, na habari ya namba za magari imenifurahisha kupita nilivyotarajia. Wapo wanafunzi waliomaliza muhula mzima wakiwa bado wanaihesabu /26 kwa vidole. Wewe unaihesabu umesimama ndani ya daladala ya Buhongwa. Hilo tuliweke akilini tunapoendelea, kwa sababu katika barua yote hujajihesabia hata mara moja kama ni mali uliyonayo.

Nikikusoma vizuri, hali ndiyo hii. Una hela ya mtihani mmoja, na hela hiyohiyo inaitwa Dodoma. Kuna nafasi inayoonekana kufungwa mwezi wa sita. Kuna njia ya mkato ambayo mtu unayemheshimu kazini amekupa kwa nia ya kulipa fadhila, na mumeo haoni ubaya wake. Na kuna neno alilokwambia mumeo ambalo limekaa kifuani. Umeniuliza kuhusu faili, ila naona faili ni sehemu ndogo ya mzigo wenyewe.

Tuanze na mwezi wa sita. Mkuu wenu alisema mwenye CCNA "atakuwa mbele". Hakusema asiye nayo hataangaliwa, wala hukuniandikia kuwa kuna tangazo lililobandikwa lenye tarehe na vigezo. Kikaoni watu husikia neno moja kwa masikio tofauti, na wewe umelisikia kama mlango unaofungwa. Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kutoa laki saba, au kuzuia ada ya mdogo wako, au kufungua faili lile, una haki ya kumwendea na kumuuliza ana kwa ana: nafasi hizi zitatangazwa lini, cheti ni sharti au ni nyongeza, na mtu aliyekwisha kulipia mtihani na ana tarehe mkononi ataangaliwa vipi?

Muulize pia anakitakia nini hicho cheti. Hili si swali la ujanja. Kuna kampuni zinazotaka vyeti kwa sababu zinapoomba zabuni huambatisha wasifu na vyeti vya mafundi wao. Ikiwa ndivyo, karatasi yenyewe inahitajika, na hata ungekuwa fundi hodari kiasi gani isingetosha. Kampuni ya namna hiyo huwa na sababu ya kumlipia mfanyakazi mtihani, yote au nusu. Kama anachotaka ni mtu asiyebabaika usiku tawi la mteja linapozimika, basi anaweza kukupa ruta na swichi, akakaa pembeni akaona mwenyewe. Ni mazungumzo mawili tofauti kabisa, na kwa sasa hujui uko kwenye lipi. Akikubali kampuni ilipe, soma mkataba kabla ya kutia sahihi. Mara nyingi hukufunga ubaki kazini kwa muda fulani, na ukiondoka mapema unarudisha hela yao. Kuna wanaoona ni sawa, kuna wanaojuta.

Sasa hilo faili. Mumeo analiona kama uhakika: lipo, wenzako wamepita nalo, hela haitapotea. Nataka tuuguse huo uhakika kidogo. CCNA iliyopo sasa, ile ya namba 200-301, ilianza Februari 2020, na mada zake zikarekebishwa Agosti 2024, yakatoka mengine na kuingia mengine, yakiwemo ya akili unde na mitandao inayosimamiwa kwa wingu. Mafaili yanayozunguka WhatsApp hayana tarehe, na majibu yake mara nyingi yamejazwa na watu ambao hata wao walikuwa wanabahatisha. Mtihani una maswali ya vitendo pia, unapewa vifaa uvisanidi, na hapo aliyekariri kwamba jibu ni C hana pa kushika. Kabla swali la kwanza halijatokea unaonyeshwa makubaliano ya kutunza siri ya mtihani, na usipoyakubali hufanyi. Cisco ikigundua mtu alitumia maswali yaliyoibwa inaweza kufuta matokeo, kumnyang'anya cheti na kumfungia asifanye tena mitihani yake. Hilo linaweza kutokea hata baada ya mtu kuondoka akiwa na matokeo ya kufaulu mkononi. Kwa anayetaka kuishi kwa kazi ya mitandao, kufungiwa kunauma kuliko kufeli, kwa sababu aliyefeli huruhusiwa kurudi baada ya siku tano, akiwa na hela nyingine.

Hata hivyo sitakudanganya. Wapo waliopita kwa madesa, wakajifunzia kazini, na leo ni mafundi wazuri. Ukiwauliza, wengi watakwambia mwaka wa kwanza ulikuwa wa mateso. Mtazame kaka yako wa NOC. Cheti anacho na chumba anacho, lakini usiku ule alikuwa ameikodolea macho ACL asiyoielewa huku akimlaumu redio ya mnara, mpaka alipomwita mtu wa mapokezi ya simu aje kimya kimya. Hajatulia pale alipo, na huenda ndiyo sababu hasa ya kukupa faili: akiwa na mwenzake aliyeingia kwa njia ileile, hatakuwa peke yake. Sisemi ni hila. Nadhani ni mtu anayeshukuru na anayeogopa kwa wakati mmoja.

Kwako kuna hasara ya pili ambayo yeye hakuwa nayo. Yeye hakujua mstari usioonekana wa mwisho wa ACL, wewe unaujua. Ukifaulu kwa faili, hakuna siku utakayoweza kujua kama ungefaulu bila hilo, na kila watakapokusifu utabaki na swali lile. Lipime mwenyewe lina uzito gani, maana wapo wanaoishi nalo vizuri tu na wapo linalowanyima raha.

Naomba pia usichanganye madesa na mitihani ya majaribio. Mitihani ya majaribio inayotungwa na walimu kutokana na mada zilizotangazwa ni halali, na ndiyo njia nzuri ya kujipima. Madesa ni yale maswali yenyewe ya mtihani yaliyochukuliwa na watu waliotoka humo. Nimeona vijana wenye dhamiri wakiacha hata mitihani halali kwa kuogopa, na wengine wakinunua madesa wakidhani ni majaribio.

Nije kwenye neno la mumeo, kwamba unajificha nyuma ya uaminifu. Mwanangu, inawezekana mambo yote mawili yamo: kwamba hutaki kuiba, na kwamba unaogopa. Moja halilifanyi jingine kuwa uongo. Mtu mwenye hela ya jaribio moja, mwenye mdogo wake anayesubiri ada, angekuwa wa ajabu kama haogopi. Ningependa ujiulize tu unachokiogopa ni kipi hasa. Kama ni kufeli mbele ya watu, dawa yake ni tofauti na kama ni kupoteza hela ya familia. Na mumeo, nikimsikiliza kupitia kwako, sidhani alikuwa anakupima dhamiri. Alikuwa anahesabu hela, na hesabu yake kwa upande wake ni sawa. Mlibishana juu ya faili, sijui kama mmewahi kukaa mkazungumza juu ya hela yenyewe: tukifeli mara ya kwanza tutafanya nini? Ni wakati gani mwingine wa mwaka tunaweza kuipata? Nani atakaa na mtoto Jumamosi mchana ili mama apige msuli akiwa na akili iliyolala usingizi wa kutosha? Mtu wa zamu ya usiku anayeamka saa kumi kusoma hawezi kuendelea hivyo miezi mingi, na hilo mumeo anaweza kukusaidia kuliko anavyojua.

Kuhusu utayari wako. Unaniambia sitini hadi sabini, na naona unaisoma kama hukumu. Cisco haitangazi alama ya kufaulu ya mtihani huu. Watu hutaja namba mitaani, lakini kampuni haijazitoa, kwa hiyo alama zako za majaribio haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na chochote. Wala usizichukulie kama ruhusa ya kwenda kesho. Bora uzipasue uone zinavuja wapi. Mada zenyewe zina uzito uliotangazwa: kuunganisha mitandao kwa IP ni asilimia 25, misingi ya mitandao 20, kuingiza vifaa kwenye mtandao 20, usalama 15, huduma za IP 10, na uendeshaji kwa programu 10. Unasema ruti na OSPF unazimudu, basi fungu kubwa kuliko yote, hilo la 25, liko mikononi mwako. JSON na API zinazokusumbua zimo kwenye asilimia 10, na kinachoulizwa humo zaidi ni kusoma na kutambua, si kuandika programu. Wi-Fi ni suala zito zaidi kwa sababu imesambaa kwenye misingi, kwenye kuingiza vifaa na kwenye usalama. Ningekuwa nakusimamia ningekuweka kwenye Wi-Fi wiki nzima kabla hujagusa kitu kingine.

Kiingereza cha maswali marefu ni tatizo la kweli na halisemwi sana. Mtihani ni dakika 120, na ukishajibu swali ukasonga mbele huwezi kulirudia. Anayezoea kuruka swali gumu ili alirudie, kama tulivyofundishwa sekondari, hapo hukwama. Fanya mazoezi ya kusoma mstari wa mwisho wa swali kwanza, ujue unaulizwa nini, ndipo urudi juu kutafuta unachohitaji kwenye maelezo na mchoro. Fanya hivyo saa ikiwa inahesabu. Nina imani sehemu ya alama unazopoteza iko kwenye muda, na hilo linarekebishika bila kujifunza amri hata moja mpya.

Kama unafikiria kuufanyia nyumbani, upo uwezekano huo, unasimamiwa kupitia kamera ya laptop. Lakini unatakiwa uwe peke yako chumbani, mezani pakiwa peupe, mtu asiingie hata kwa dakika moja, na intaneti isitetereke. Vyumba viwili, mtoto wa miaka minne anayekutafuta, mama mkwe anayebisha hodi kwa wema kuuliza kama umekula, na umeme unaoweza kukatika: mtihani unaweza kusimamishwa kwa jambo ambalo halina uhusiano wowote na sabneti. Kwenda kituoni ni nauli na usumbufu, ila ni utulivu. Vituo vilivyopo na tarehe zake utaviona kwenye tovuti ya Pearson VUE, wanaosimamia mitihani hii, unapojiandikisha, kabla hujalipa.

Huenda pia umejiwekea mawazo kwamba ni CCNA au basi. Cisco wana mtihani mdogo zaidi ulioanza 2023, CCST wa mitandao, dola 125, dakika 50. Uko chini ya CCNA, na kwa unavyoniandikia nadhani usingekutoa jasho. Faida yake ni kwamba unapata cheti chenye jina hilohilo la Cisco kwa chini ya nusu ya gharama, na salio linaweza kwenda Dodoma. Hatari yake ni kwamba mkuu wako anaweza asiutambue, ukawa umetumia hela ya nusu safari. Hili nalo ni la kumuuliza kabla. Ipo pia Network+, cheti cha shirika la CompTIA, nzuri kwa misingi na haifungamani na vifaa vya kampuni moja, lakini bei yake ya kawaida haipungui ya CCNA, kwa hiyo kwa mfuko wako wa sasa huenda isikupunguzie mzigo. Tena chunguza vyuo vya hapo Mwanza vyenye Cisco Networking Academy, mpango wa mafunzo wa Cisco wenyewe. Wanaomaliza kozi zote tatu za CCNA kwa alama nzuri huweza kupata vocha ya punguzo la mtihani. Inachukua muda mrefu, na muda ndio unaona huna, lakini kama mwezi wa sita utakuja kuonekana si mwisho wa dunia, njia hii itakuwa imebadilika sura.

Ukiamua kulipa na kukaa ukiwa na ulichonacho, hatari yake unaijua, umeiandika mwenyewe. Niongeze tu kwamba asiyefaulu haondoki mtupu, anapewa ripoti inayoonyesha alivyofanya katika kila mada. Inasaidia kwa jaribio la pili, hairudishi laki saba. Ukiamua ada kwanza, nafasi hii inaweza kwenda, na utahitaji kujilinda usije ukamlaumu mdogo wako kimoyomoyo kwa jambo ambalo hakulijua. Ningependa ajue. Kijana wa chuo ni mtu mzima wa kuambiwa, "Dada yako ana hela ya jambo moja kati ya mawili." Vyuo vingine hukubali ada ilipwe kwa awamu, na yeye ndiye aliye karibu na ofisi ya mhasibu.

Umeniuliza kama uendelee kumsitiri kaka. Sioni haja ya kwenda kumtangaza, na wewe mwenyewe sikusikia ukilitaka hilo. Lakini kumsitiri yeye kumekuficha na wewe. Kazi uliyoifanya usiku ule ni ya NOC, na hakuna mahali popote ilipoandikwa kwamba uliifanya. Mkuu wako atakapokaa kuchagua watu wawili, atasoma rekodi, na rekodi inasema wewe ni mtu wa kumwambia mteja azime ruta na kuiwasha. Unaweza kumwambia kaka kwa upole, "Nitakuja kila utakaponiita, ila tiketi tuandike majina yote mawili na tulichobadilisha." Anaweza kuchukia. Anaweza pia kupumua, kwa sababu anayesaidiwa waziwazi hana cha kuogopa kugunduliwa. Na mkijipangia muda zamu inapokuwa tulivu, ukamwonyesha ACL na VLAN kwenye Packet Tracer, mtashangaa nani anajifunza zaidi. Nimefundisha OSPF kwa miaka na kila mwaka kuna swali la mwanafunzi lililonirudisha kitabuni.

Cheti hiki kinadumu miaka mitatu tu. Baada ya hapo kila aliyenacho, kwa njia yoyote aliyokipata, hulazimika kukihuisha, ama kwa mtihani tena au kwa kukusanya pointi za mafunzo. Nakutajia ili uone kwamba mwezi wa sita ni tarehe moja katika kazi ambayo, kwa jinsi unavyoipenda, utaifanya muda mrefu sana.

Faili lile sikuambii ulifute wala ulifungue. Liache kwanza mpaka ukaongee na mkuu wako, kwa sababu majibu yake yanaweza kukupunguzia maswali mawili kati ya manne uliyoniuliza. Nenda kwake asubuhi unapotoka zamu, kabla vikao vyake havijaanza, na uende na ile hesabu ya mada ulizokwisha kumaliza. Kisha niandikie alichosema juu ya CCST na juu ya kampuni kuchangia. Na hukuniandikia tarehe ya mwisho ya ada ya Dodoma. Mpigie mdogo wako umuulize, maana kama ni baada ya mwezi wa sita, hizi hela hazigombaniwi kama unavyodhani.